Mbwa Aliyeitwa Nani: Visa vya Mlinzi wa Ranchi Yetu Kongwa na Mwizi Aliyejitaja Mwenyewe

Karani wa Kongwa (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajukwaa la mifugo, salaam. Juma lililopita mwenzetu mmoja aliuliza kama bado kuna faida ya kufuga mbwa wa kienyeji kwenye ranchi, ikiwa siku hizi zipo taa za sola zinazowaka zenyewe mtu akipita na ving'ora vya kushtua wezi. Niliahidi kumjibu kwa kirefu, na leo natimiza ahadi kwa kumweleza mbwa mmoja ambaye namfahamu kuliko ninavyowafahamu baadhi ya jamaa zangu.

Kwa miaka sita nilikuwa karani wa ranchi ya mtu binafsi katika wilaya ya Kongwa, mkoani Dodoma, nchi ile ile ambako Waingereza walikuja mwaka 1947 na mpango wao mkubwa wa karanga, wakauacha mwaka 1951 baada ya udongo na mvua kuwakatalia, na ambako hadi leo ng'ombe wamestawi kuliko karanga. Kazi yangu ilikuwa daftari: kuandika waliozaliwa, waliokufa, waliouzwa mnadani, walioogeshwa kwenye josho na waliopigwa chapa. Tulikuwa na ng'ombe zaidi ya mia nne, wengi wao wa aina ya Boran na chotara wa Mpwapwa, ambao usiku walilala katika mazizi matatu ya miiba na mbao. Mlinzi wa usiku alikuwa mzee wa Kigogo ambaye sote tulimwita Babu. Alikuwa na rungu, tochi ya betri tatu, na mbwa.

Mbwa huyo aliletwa akiwa mdogo kabisa, ndani ya kapu, juu ya lori lililotoka Kibaigwa kuchukua pumba za mahindi, na hakuna aliyekiri kumpakia. Babu alisimama katikati ya uwanja akauliza, "Nani kaleta mbwa huyu?" Watu wakanyamaza. Akauliza mara ya pili, "Nani?" na mara ya tatu kwa ukali, "Nani?" Kila alipolitamka neno hilo, kile kitoto kilitikisa mkia na kumsogelea, hadi kikapanda na kukaa juu ya kiatu chake. Babu akainama, akakitazama, akasema, "Basi mwenyewe ameitika." Kuanzia jioni hiyo mbwa akaitwa Nani.

Mnajua kwamba watu wengi nchini huwapa mbwa majina ya kupeleka ujumbe kwa jirani: Tutaonana, Shauri Yako, Wivu, Hayawahusu. Nani hakuwa na ujumbe kwa jirani yeyote, lakini nitawaonyesha kwamba jina lake lilifanya kazi ambayo hakuna king'ora kingeweza kuifanya.

Kabla ya kisa cha wezi inabidi nieleze tabia yake, maana bila hiyo hamtaelewa kilichotokea. Watu husema mbwa analinda mali. Mimi nilimwangalia Nani kwa miaka sita na sikuona dalili kwamba anajua thamani ya mali. Fahali wa milioni kadhaa na ndoo iliyotoboka kwake vilikuwa sawa. Alichokilinda ni mazoea. Alikuwa na daftari lake kichwani, kama mimi nilivyokuwa na langu mezani, na ndani yake kila kitu kilikuwa na mahali pake, harufu yake na saa yake. Kitu kikipungua, kikiongezeka au kikihama, alipiga kelele mpaka mtu mwenye mamlaka aje atoe maelezo. Vichekesho vyake vyote vilitoka hapo, na ushujaa wake ulitoka hapo hapo.

Usiku wa kwanza nilioamka kwa ajili yake, nilitoka na panga nikiamini tumevamiwa. Nilimkuta Babu amesimama kimya, na Nani amenyoosha shingo, manyoya ya mgongo yamesimama wima kama miti ya fito, analibwekea pipa la maji la bluu. Mchana ule vijana walikuwa wamelisogeza pipa kama hatua kumi ili lipate kivuli cha mkwaju. Nani alilifahamu pipa lile tangu utotoni na alikuwa amelikojolea mara nyingi, lakini halikuwa na ruhusa ya kuwa pale. Alilizunguka, akalitisha, akarudi nyuma, akalitisha tena, na alipoona halikimbii akalala mbele yake akilikazia macho hadi alfajiri. Babu hakumfokea. Aliniambia, "Kosa ni letu. Tumehamisha kitu bila kumwambia."

Kuanzia hapo ranchi ikawa na utaratibu ambao wageni waliuona kuwa kichekesho na sisi tuliuchukulia kuwa kazi. Kila kitu kipya kilitambulishwa kwa Nani kabla jua halijazama. Toroli lilipelekwa, tairi la akiba likapelekwa, nguzo mpya zikapelekwa moja moja. Mchungaji mpya aliajiriwa asubuhi na meneja na kuajiriwa mara ya pili jioni na Nani, kwa kukalishwa kwenye kigoda huku mbwa akimnusa viatu, viganja na mfuko wa nguo. Mimi mwenyewe nilipitia kigoda hicho, na alitumia muda mrefu kwenye daftari langu kuliko kwangu.

Mama Mifugo wa Iringa

Ndugu Karani, nakushukuru, na nakuomba uendelee bila kutuacha njiani. Naomba kujua Nani alikuwa wa aina gani. Huku kwetu upande wa Ruaha baadhi ya wafugaji wa Kibarabaigi walipatiwa mbwa wakubwa wenye asili ya Anatolia, kule Uturuki, kwa ajili ya kukinga mifugo dhidi ya simba na fisi. Nilipomwona mmoja wao kwa mara ya kwanza nilidhani ni ndama aliyekonda. Je, mbwa wetu huyu mdogo wa mitaani anaweza kazi hiyo kweli?

Karani wa Kongwa

Dada, Nani alikuwa mbwa wa kienyeji mtupu, wa rangi ya mchanga, mkia umejikunja kama mpini wa bakora, urefu wake haukufika goti langu. Mbwa wa Anatolia unaowasema ni wa kazi nyingine. Wale huwekwa pamoja na mbuzi au kondoo tangu wakiwa watoto wa majuma machache, wakakua wakiamini kwamba kundi ndilo ukoo wao, na mnyama mkali akija wao husimama kati. Kule Namibia wamekuwa wakipewa wafugaji tangu mwaka 1994, kwa sababu mfugaji asiyepoteza mbuzi hana haja ya kumpiga risasi duma. Ni mbwa wazuri sana, lakini hula kwa kadiri ya ukubwa wao, na gharama hiyo wengi wetu hatuiwezi. Mbwa wa kienyeji hapigani na simba, wala usimtume kwa simba. Kazi yake ni kuamsha watu. Ukimhesabu kuwa mpiganaji utamdharau, na ukimhesabu kuwa mtoa taarifa utamheshimu.

Naendelea na kisa cha mayai, kwa sababu nusura kimgharimu maisha. Mwaka wake wa pili mayai yalianza kupotea kwenye banda la kuku, na maganda yakaonekana karibu na mahali Nani alipolala. Mpishi, ambaye kuku wale walikuwa wake, alifikia uamuzi upesi, akataka mbwa apigwe na kufukuzwa. Babu aliomba apewe siku tatu. Siku ya pili, mchana kweupe, tulisikia zogo, tukatoka, tukamwona Nani akimfukuza kenge mwenye urefu unaokaribia mita moja na nusu, tumbo limejaa, akitambaa kwa kasi ambayo hukutarajia kwa mnyama aliyeshiba namna ile. Kenge aliingia kwenye kalavati chini ya barabara ya ranchi. Nani akajitupa kifudifudi mbele ya mdomo wa kalavati, akalinda. Alilinda kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni, hakwenda kunywa maji, hakugeuza kichwa hata alipoitwa kula, huku kila mmoja wetu akiwa amemwona kenge akitokea upande wa pili wa kalavati kabla hata ya saa tano.

Tulicheka, nakiri, na mpishi alicheka kuliko sote. Lakini jioni yule yule mpishi alimpelekea mfupa wa supu pale pale kalavatini na kukaa naye chini, akimwomba radhi kwa maneno, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anavyoombwa radhi mtu. Maganda yale yalikuwa yanaachwa na kenge alipokuwa akipita. Mbwa alikuwa amelala kwenye njia ya mwizi, na sisi tukamdhania kuwa ndiye mwizi.

Mwalimu wa Pangani

Kaka Karani, kisa chako kimenigusa, na ninapenda kuongeza jambo moja kwa ajili ya ndugu zangu wa Pwani. Sisi Waislamu wengi tumelelewa kumwepuka mbwa, na usafi wa vyombo na nguo una hukumu zake ambazo sizipunguzi. Hata hivyo Mtume, rehema na amani zimshukie, alitoa ruhusa ya wazi kwa mbwa wa kulinda mifugo, wa kuwinda na wa kulinda shamba. Na katika Suratul Kahf, wale vijana waliolala pangoni walikuwa na mbwa wao, amenyoosha miguu yake ya mbele kizingitini. Baba yangu alikuwa na mbuzi nje ya mji na mbwa mmoja wa kuwalinda, na alikuwa akituambia kwamba mnyama aliyetajwa akiwa mlangoni mwa watu wema hastahili kupigwa mawe na watoto wanaotoka madrasa.

Karani wa Kongwa

Mwalimu, nakushukuru sana. Meneja wetu mmoja alikuwa Mwislamu wa Kondoa, na utaratibu wake ulikuwa huo huo: Nani hakuingia ofisini wala jikoni, alikuwa na sufuria yake kuukuu isiyochanganywa na vyombo vingine, na hakuna aliyeruhusiwa kumnyima chakula chake.

Niseme kidogo kuhusu chakula, kwa sababu hapo ndipo wafugaji wengi tunapokosea. Iko imani kwamba mbwa mwenye njaa ndiye mkali. Babu aliikataa kabisa imani hiyo. Alikuwa akisema mbwa mwenye njaa ana bei, na bei yake ni kipande kimoja cha nyama. Kila siku jua likizama, kabla ya lindo, Nani alishiba ugali wa uwele uliochanganywa na mchuzi wa mifupa, ndani ya sufuria ile ile, kutoka mkononi mwa Babu peke yake. Mtu mwingine akimtupia kitu, Babu alikiokota na kukiondoa, na Nani alizoea tangu mdogo kwamba chakula kisichotoka kwenye sufuria si chakula bado. Matumbo na maini ya mnyama aliyechinjwa, hasa yakiwa na malengelenge, hayakutupwa kwake yakiwa mabichi, maana kwa njia hiyo mbwa hupata minyoo ya tegu, kisha mayai ya minyoo hiyo hutoka na kinyesi chake, yakatufikia sisi na ng'ombe. Tuliyafukia mbali, au tukayachemsha sana.

Bwana mifugo ndiye aliyetufundisha hayo, na naye alikuwa na historia yake na Nani. Siku moja alikuja kuchanja ng'ombe bila taarifa, amevaa koti jeupe na mabuti, akiwa ametoka vijiji vitatu vyenye mbwa wasiopungua hamsini, na harufu zao zote amezibeba miguuni. Hakupitishwa kwenye kigoda. Tulipofika tulimkuta amesimama juu ya ukuta wa josho, amekumbatia kisanduku cha barafu chenye chanjo, huku Nani akitembea chini yake kwenda na kurudi, bila kubweka sana, kwa utulivu wa askari mwenye zamu ndefu. Bwana mifugo hakukasirika. Alituambia kutoka pale pale juu kwamba mbwa huyu ana afya nzuri, akauliza kama amechanjwa kichaa cha mbwa, na tulipojibu kwamba muda wa chanjo yake umepita miezi miwili, akasema hatashuka mpaka ashikwe ili amchanje yeye kwanza. Ndivyo ilivyofanyika. Ng'ombe mia nne walisubiri.

Muuguzi Mstaafu

Nimesoma uzi huu mwanzo hadi hapa, na nimefurahi kwamba jambo la chanjo limetajwa, kwa sababu nimewahi kumuuguza mtoto aliyefariki kwa kichaa cha mbwa na sitaki mtu yeyote humu aone nilichokiona. Ndugu zangu, dalili zikishaanza, ugonjwa huu karibu kila mara huishia kwenye kifo, lakini kabla ya dalili unazuilika. Mtu akiumwa au kukwaruzwa na mbwa, kidonda kioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo kupata chanjo, wala asisubiri kuona kama mbwa atakufa. Mbwa wachanjwe wakiwa na umri wa miezi mitatu, kisha warudiwe kila mwaka au kama mtaalamu atakavyoelekeza. Asilimia 70 ya mbwa wa eneo wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Kila tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na katika wilaya nyingi huwa kuna chanjo za kampeni wakati huo. Wapelekeni.

Karani wa Kongwa

Mama, nakushukuru, na ninaomba kila anayesoma alirudie neno lako mara mbili.

Sasa nifike kwenye usiku wa wezi. Ulikuwa mwezi wa kumi, wakati ambao Dodoma imekauka kabisa, mvua ya mwisho ilinyesha Aprili na nyingine haitarajiwi kabla ya Desemba. Wakati huo wachungaji wanakwenda mbali kutafuta malisho, wanarudi wamechoka, wanalala kama magogo, na wezi wa mifugo wanalijua hilo. Hakukuwa na mbalamwezi. Walikuja watatu kwa miguu kupitia upande wa korongo, na tuligundua baadaye kwamba gari lao walikuwa wameliacha mbali, kwenye barabara ya vumbi, injini imezimwa.

Walikuwa wamejiandaa. Walikuja upande ambao upepo uliipeleka harufu yao mbali na pua ya Nani, na alipowagundua kwa masikio wakamrushia kipande kikubwa cha nyama. Hapa ndipo ile sufuria ya Babu ilipolipa. Nani alikuwa ameshiba, na nyama haikutoka kwenye sufuria, hivyo hakuila. Lakini pia hakuiacha. Nyama ilikuwa kitu kipya, kilichokuja bila kutambulishwa, na ilikuwa nzuri mno kuachwa uwanjani, kwa hiyo aliichukua mdomoni, akatembea nayo taratibu hadi nyuma ya banda la malisho, akachimba, akaifukia, akasawazisha udongo kwa pua, kisha akarudi kazini. Najua hivyo kwa sababu nyayo zake tulizisoma asubuhi, kwenda na kurudi, bila haraka yoyote. Katika dakika hizo wezi walidhani amekwisha kufa. Walifungua lango la zizi la pili na kuwatoa maksai wanne.

Nani aliporudi alikuta daftari lake limevurugika. Lango lililopaswa kufungwa liko wazi, maksai wa ndani wako nje, na watu watatu ambao hawakukaa kwenye kigoda wako katikati ya uwanja. Alibweka kwa sauti ambayo sijaisikia tena. Babu, aliyekuwa upande wa zizi la kwanza, alitoka na tochi, na betri zikamsaliti, zikatoa mwanga wa njano kidogo na kuzimika. Akiwa gizani, asijue mbwa yuko wapi, akaita kwa nguvu zake zote:

"Nani! Nani! Nani!"

Kukawa kimya. Kisha kutoka gizani, kama hatua ishirini kutoka kwake, sauti ya kijana ikajibu kwa adabu, "Ni mimi, mzee."

Babu alituambia kwamba kwa sekunde mbili yeye mwenyewe alichanganyikiwa, kwa sababu kwa miaka mingi alikuwa ameita jina lile kila usiku na hakuna aliyewahi kumjibu. Akauliza, kama ambavyo mtu yeyote angeuliza, "Mimi nani?" Na kijana yule, akitafuta jibu la kumtoa pale, akasema, "Mimi mwenzenu."

Lakini Babu alikuwa amelitamka tena lile neno, na Nani aliyekuwa akiwafukuza wale wawili kuelekea korongoni alisikia anaitwa. Aligeuka, akaja mbio moja kwa moja kuelekea kwenye sauti, na katikati ya njia yake alikuwa amesimama mwenzetu. Tulichosikia sisi mabwenini ni ukelele mmoja, halafu mlio wa matawi. Nani alikuwa amemshika kwenye katambuga, katambuga ikabaki mdomoni, na mtu akapanda juu ya mti uliokuwa karibu. Mti huo ulikuwa mgunga.

Kwa msomaji asiyeijua migunga ya Kongwa, miiba yake ni mirefu kama kidole na myeupe kama mfupa, na hakuna tawi ambalo mtu angelishika kwa hiari. Alikaa humo hadi alfajiri. Kila alipojaribu kushuka, Nani, aliyelala chini na katambuga kati ya miguu yake ya mbele, aliinua kichwa tu. Kila Babu aliposema neno lenye "nani" ndani yake, kwa mfano aliposema kwamba hajui nani mwingine yuko porini, mbwa alisimama na kutikisa mkia, na mtu wa juu akapanda tawi moja zaidi.

Maksai wote wanne tuliwakuta wanakula majani makavu karibu na josho. Hawakuwa wamekwenda popote.

Kuna jambo katika usiku ule ambalo kwangu ni kubwa kuliko kicheko. Vijana wetu walitoka na fimbo na mawe, na walikuwa na hasira ya haki, kwa kuwa mwaka uliotangulia ndugu zao kijiji cha jirani walipoteza ng'ombe wote wa familia usiku mmoja. Babu alisimama chini ya mti, pembeni ya mbwa, akasema kwamba mbwa amemlinda mtu huyu usiku kucha bila kumtoa damu, na kwamba atakayerusha jiwe atakuwa amemzidi mbwa kwa unyama. Hakuna aliyerusha. Asubuhi mwenyekiti wa kitongoji alikuja na mgambo, wakaita polisi, kijana akashushwa kwa ngazi, akapewa maji, akatolewa miiba, akachukuliwa. Alikuwa hajafika miaka ishirini na mbili. Akipita mbele ya Nani alimtazama, akamwuliza Babu jina la mbwa. Babu akamjibu, "Ulimwitikia mwenyewe."

Kijana wa Laikipia

Kaka, nimecheka hadi machozi, lakini swali langu ni zito. Ile nyama iliyofukiwa ilikuwaje? Huku Laikipia tumewahi kupoteza mbwa watatu usiku mmoja kwa nyama ya sumu, na mizoga ikaliwa na ndege, nao wakafa. Tena ningependa kusema kwamba ranchi kadhaa za huku na hifadhi zake hutumia mbwa wa kufuata harufu ya nyayo, wanaoanzia pale mwizi aliposimama na kuwaongoza askari kilomita nyingi. Wao huletwa baada ya wizi. Mbwa kama Nani yuko kabla ya wizi, na nadhani ndiyo maana hasifiwi katika habari: kazi yake ikifanikiwa hakuna cha kuripoti.

Karani wa Kongwa

Ndugu yangu wa Laikipia, umesema vizuri. Nyama tuliifukua asubuhi ile ile kwa koleo, bila kuigusa, tukaichoma moto hadi ikawa majivu na kuyafukia majivu kwenye shimo refu, kwa maelekezo ya bwana mifugo. Hatukuipima, lakini tulikuta mizoga ya siafu wengi pembeni yake, na hilo lilitutosha. Mtu akikuta nyama ya namna hiyo asiitupe porini, kwa maana tai, fisi na mbwa wa jirani wote watalipa.

Aliyeumia kwa uamuzi huo ni Nani peke yake. Kwa majuma mawili kila jioni alikwenda nyuma ya banda la malisho, akachimba pale pale, akakuta hakuna kitu, akakaa akitutazama mmoja mmoja. Nina hakika kabisa kwamba katika daftari lake tukio la usiku ule limeandikwa kama wizi wa nyama, na washukiwa ni sisi.

Baada ya hapo ng'ombe wetu walivishwa hereni za kielektroniki, kwa mujibu wa sheria ya utambuzi wa mifugo ya mwaka 2010, na nilikuwa mstari wa mbele kuunga mkono, kwa sababu ng'ombe mwenye namba ni mgumu kuuzwa mnadani kwa jina la mtu mwingine. Ila tulimsahau Nani. Usiku ule aliona masikio mia nne yenye kitu cha njano ambacho hakikutambulishwa kwake, na hakuna mtu wala ng'ombe aliyelala. Siku ya pili Babu alimpeleka zizini na hereni moja mkononi, akamwacha ainuse kwa muda wake. Usiku uliofuata tulilala.

Mama Mifugo wa Iringa

Yuko hai bado?

Karani wa Kongwa

Yuko hai, dada. Nilipita kule Juni iliyopita. Ana miaka tisa, jicho moja limeingia ukungu, na siku hizi analala kwenye mfuko wa pumba karibu na lango. Yuko mbwa mdogo aliyeletwa kumsaidia, mweusi mwenye soksi nyeupe, amekwisha kuchanjwa, anakula kwenye sufuria yake mwenyewe. Babu amempa jina la Mwenzenu. Usiku niliolala pale pipa la bluu lilikuwa limehamishwa tena. Mwenzenu alilibwekea kwa saa nzima. Nani aliinua kichwa mara moja, akanusa upande wa pipa, akakilaza tena, na Babu, ambaye naye sasa anatembea kwa shida, aliamka akachukua tochi, akaenda kuangalia.